Mlango Uliofungwa Mchana

Gaudiosus Byarugaba alitoa kitanda katika chumba cha nyuma siku ya Jumatatu, akaingiza meza. Meza yenyewe ilikuwa mlango wa zamani wa banda la ng'ombe. Aliuranda kwa siku mbili mpaka ukalainika, kisha akaupigilia miguu ya mikaratusi. Fundi wa pale Bweranyange alikuwa amemtajia bei ya meza mpya, naye akamshukuru fundi kwa adabu na kurudi nyumbani kutafuta mbao. Mama yake, Kokushubira, alikuwa uani akimenya ndizi. Alimwona mwanawe akipita na godoro kichwani, akaacha kumenya.

"Mbona chumba hicho?" aliuliza.

"Kina utulivu, Mama. Kule mbele kila apitaye anabisha hodi."

"Kuna ghala la kahawa. Likifagiliwa linafaa."

"Ghala halina dirisha. Kazi yangu inataka mwanga."

Kokushubira alirudi kwenye ndizi zake, lakini tangu hapo alizimenya hovyo, nusu ya ndizi ikienda na maganda.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tisa, mwezi wa Machi. Shirika la kuchapa vijitabu vya kilimo na afya, ambalo Gaudiosus alilifanyia kazi Bukoba kwa miaka tisa, lilikuwa limefunga ofisi yake ya huko na kuhamishia kila kitu Mwanza. Wenzake walipewa barua na kupeana mikono. Yeye, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kuandika Kinyambo, lugha ya kwao Karagwe, kikasomeka, aliambiwa akitaka abaki na kazi, lakini aifanyie nyumbani kwake. Vijitabu vingekuja na basi mpaka Kayanga kila baada ya wiki mbili, angevifasiri, angepiga taipu safi, angerudisha kwa basi lilelile. Mshahara ungekuwa nusu ya ule wa zamani. Mkuu wa kazi hakumaliza hata sentensi, Gaudiosus alikuwa ameshakubali. Mwenye njaa hachagui sahani.

Basi alikitengeneza chumba kile kwa moyo wote. Alibomoa ukuta akalipanua dirisha, akatia vioo viwili alivyovinunua kwa mtu aliyebomoa duka. Alikata migomba mitatu iliyokuwa ikitia kivuli. Mashine ya taipu, aliyoazimwa na shirika, aliiweka juu ya blanketi lililokunjwa ili isiteleze. Alipigilia rafu ya karatasi, akatundika kalenda ya parokia, na pembeni akaweka kikapu cha karatasi zilizoharibika, maana ofisini kwake Bukoba palikuwa na kikapu cha namna hiyo. Mkewe, Verdiana, alisiriba sakafu kwa samadi. Kokushubira akaja na fungu la nyasi mbichi kuzitandaza, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yake tangu alipoolewa, na Gaudiosus akamzuia mlangoni.

"Humu hapana, Mama. Vijidudu vya nyasi vitaingia kwenye mashine."

Mama akageuka na nyasi zake.

Jioni ile, wakati wa chakula, Gaudiosus aliwatangazia sheria. "Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, mimi sipo. Hesabuni kwamba niko Bukoba. Mlango utafungwa, asiniite mtu. Mgeni akija, mwambieni niko kazini."

Watoto walicheka. Verdiana naye alitabasamu. Kokushubira alikuwa akikitazama kitonge chake cha ndizi kana kwamba kuna kitu kimeandikwa juu yake.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo Gaudiosus, pamoja na elimu yake yote, alilisahau. Huku kwetu mlango haufungwi mchana. Kuku huingia na kutoka, jirani huingia na kutoka, na anayepita barabarani huona mpaka jikoni. Mlango ukionekana umefungwa na jua liko juu, humo ndani ama kuna mgonjwa anaogeshwa, ama kuna maiti anasubiri ndugu zake wa mbali.

Na katika nyumba ile, mlango uliowahi kufungwa mchana ulikuwa ni huohuo wa chumba cha nyuma. Protase, kifungua mimba wa Kokushubira, alirudi kutoka Kampala mwaka wa themanini na tano na mkoba mmoja. Akasema tajiri wake amempa likizo, na mshahara utamfuata. Miaka miwili baadaye alirudi Polikarpi kutoka Mutukula, akasema hayohayo kwa maneno mengine: kazi ipo, ila ameruhusiwa apumzike nyumbani kidogo. Wote wawili walipewa chumba cha nyuma kwa sababu kina utulivu. Mama yao aliwaogesha humo, akawageuza humo, na kutoka humo aliwatoa. Gaudiosus alikuja kutoka Bukoba kuzika mara zote mbili. Lakini kuzika si kuuguza.

Sasa mwana wa tatu, wa mwisho, naye alikuwa amerudi. Naye alisema kazi ipo, ila ameruhusiwa aifanyie nyumbani, na mshahara utamfuata.

*

Jirani yao Costansia alikuwa wa kwanza kuja. Alikuja siku ya nne na mkungu mdogo wa ndizi kichwani, akautua uani, akamsalimia Verdiana, akamwamkia Kokushubira, "Shikamoo, Mama," kisha akakaa kwenye kigoda kilichoelekea ndani.

"Baba watoto yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko kazini," alisema Verdiana.

"Kazini wapi?"

"Humo ndani."

Costansia aliutazama mlango uliofungwa. Nyuma yake ulisikika mlio wa taipu, tiki tiki, ukanyamaza, ukaanza tena. Hakuwahi kuusikia mlio ule maishani, wala haukumwambia kitu.

"Anakula vizuri?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anakula."

"Mshukuru Mungu."

Verdiana alishangaa kidogo kuambiwa amshukuru Mungu kwa mume kula chakula chake. Mkungu ule aliupokea akidhani ni ujirani mwema. Baada ya siku mbili ukaja mwingine kutoka nyumba ya pili, kisha chupa ya maziwa, kisha kuku jike. Verdiana alipomweleza mumewe, Gaudiosus alifurahi. Alisema watu wa Bweranyange wana utu kuliko wa mjini, kwamba huko Bukoba mtu huhamia nyumba ya jirani mwaka mzima na asijulikane jina lake. Maskini Gaudiosus, alikuwa akila pole za ugonjwa akidhani ni karibu nyumbani.

Baba yake mdogo, Ta Rwegoshora, alimtumia ujumbe Jumapili mbili mfululizo aje wanywe lubisi, pombe ya ndizi, na wanaume wenzake. Mara zote mbili kazi ilikuwa nyingi na basi la Ijumaa halimsubiri mtu. Alituma jibu kwamba hawezi. Neno "hawezi" lilifika kwenye mtungi wa lubisi na kuzunguka pamoja na mrija.

"Hata kaka yake... hata nani, Polikarpi, alianza kwa kuacha lubisi," alisema mmoja.

"Nyamaza," alisema Ta Rwegoshora. "Ni mwanangu." Lakini hakukana.

*

Kijitabu cha kwanza kilichotoka Mwanza kilikuwa cha mbolea ya mboji. Cha pili kilihusu ugonjwa huu uliokuwa ukifagia vijiji vya Kagera, ambao watu waliutaja kwa kuuzungukazunguka. Kilikuwa na kurasa arobaini na picha za kuchorwa: mtu aliyekonda mashavu, mama anamlisha uji, mtoto ameshika kikombe. Gaudiosus alikifanyia kazi kwa ari ya kweli. Alikuwa amezika ndugu wawili bila neno lolote la maana kusemwa nyumbani kwao, naye akaapa kwamba kijitabu hiki kitasema na watu wa kwao kama mtu anavyosema na mtu. Pale Kiswahili kilipoandika "mlezi wa mgonjwa anashauriwa," yeye alifuta, akaandika "Mama."

Ukurasa wa kumi na mbili ulimshinda mara tatu. Alikosea herufi, akauchomoa, akautupa kikapuni, akaanza upya. Karatasi za kikapu Verdiana alizichukua kila jioni kuwashia moto, na jioni moja aliyekaa jikoni kuwasha moto alikuwa Kokushubira.

Kokushubira aliweza kusoma. Alifundishwa na makatekista alipokuwa msichana, kwa kidole na polepole. Katika maisha yake yote alikuwa ameona Kinyambo kwenye karatasi za aina mbili tu: kitabu cha sala, na barua za wanawe. Karatasi iliyokuwa mkononi mwake haikuwa sala. Haikuwa na kichwa cha habari wala namba. Ilianza hivi:

"Mama, mwanao amerudi nyumbani. Usimwogope. Kumshika mkono hakukudhuru, wala kula naye sahani moja. Usimuulize ugonjwa aliupata wapi, maana hilo litamwongezea uchungu, na yeye amekwisha kujiuliza mara nyingi. Mpe yai, mpe maziwa, na kama yanapatikana mpe maini. Akitaka kufanya kazi, mwache afanye kadiri anavyoweza, maana kazi humpa moyo. Mama, akikuambia yeye ni mzima, usibishane naye. Kaa karibu."

Aliisoma mara ya kwanza, akairudia. Moshi ulikuwa umejaa jikoni na uji ulikuwa unafurika, hakuona. Kwetu neno zito mtoto hamwambii mzazi ana kwa ana. Hutuma mtu, au huandika. Mwanawe alikuwa ameandika. Na kwa kuwa alishindwa kumpa mkononi, alikuwa ameiacha pale ambapo mama mwenyewe angeiokota.

Alilia kimyakimya, akafuta uso kwa khanga, akaikunja karatasi na kuifunga kwenye pindo. Kisha akachukua karatasi nyingine, ya mboji, akachochea nayo moto.

*

Kuanzia wiki ile, saa nne kamili, mlango wa chumba cha nyuma ulibishwa mara moja, na mama akaingia na sinia. Mayai mawili ya kuchemsha, kikombe cha maziwa, na mara moja moja maini ya kukaanga kwa kitunguu. Aliliweka sinia pembeni mwa mashine, akasimama kidogo akimtazama, akatoka akafunga mlango nyuma yake.

"Mama, unanidekeza," alisema Gaudiosus mdomo umejaa.

"Kula, mwanangu."

Alikula. Kazi ya kukaa hunenepesha, na maini hunenepesha zaidi. Kufikia mwezi wa Julai alikuwa amehama tundu moja kwenye mkanda.

Verdiana ndiye aliyeona vibaya. Mwanamke hapendi mumewe alishwe na mtu mwingine ndani ya nyumba yake, hata akiwa mama mkwe. Siku moja alimkuta Kokushubira akikaanga maini, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, kwani mimi simpi chakula cha kutosha?"

"Unampa."

"Basi mbona haya? Watoto wanayanusa tu hawayaonji. Na hela ya maini unaitoa wapi?"

"Za kwangu mwenyewe," alisema Kokushubira. "Na wewe, mwanangu, kula mayai pia. Utahitaji nguvu."

Verdiana hakuelewa ni nguvu za nini.

Kokushubira alikuwa na presha. Tangu Polikarpi alipofariki, hospitali ya misheni ilimwandikia vidonge vya kila siku, na kila mwisho wa mwezi Verdiana alimpa nauli na hela ya dawa kutoka kwenye mauzo ya kahawa. Mama aliondoka asubuhi na kadi yake, akarudi jioni. Verdiana alimuuliza, "Umepata dawa?" naye akajibu, "Nimepata." Alijibu akiwa ameshika kifurushi cha jani la mgomba, na ndani ya jani mlikuwa na maini. Mwezi wa Aprili alifanya hivyo, na wa Mei, na wa Juni, na wa Julai. Hospitali hakufika. Aliishia sokoni, akaketi kivulini mpaka saa ya kurudi ilipofika.

Wakati huohuo maneno yalimfikia Verdiana. Sokoni mwanamke mmoja aliyekuwa akinywa naye togwa siku zote alimmiminia kwenye kikombe kingine, akakiosha mara mbili machoni pake. Costansia, ambaye alikuwa na moyo mwema na mdomo mwepesi, alimvuta pembeni baada ya misa.

"Nilipeleka mboga kwenu, nikaona kwa dirishani. Picha za mtu aliyekonda, mezani pake. Verdiana, mwenzangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Na wewe kapime."

Verdiana alirudi nyumbani moja kwa moja. Alingoja saa nane itimie, mlango ukafunguka.

"Watu wanasema unaumwa," alimwambia mumewe.

Gaudiosus alicheka. "Ninaumwa na kitambi."

"Usicheke. Wanasema ni ugonjwa ule."

"Waache waseme. Kijitabu kikichapwa watakisoma, watajua nilikuwa nafanya nini."

"Fungua mlango basi. Hata siku mbili tu, wakuone unafanya kazi. Nenda kwa Ta Rwegoshora, kanywe nao."

"Nikifungua kuku wanaingia, na kila mtu anakuja kukaa. Tutakula nini nikipoteza kazi hii?"

Verdiana alimtazama. "Gaudi, niambie kweli. Huumwi?"

"Siumwi."

Alitaka kumwamini, na mchana ule alimwamini. Lakini mashaka ni kama funza, humwoni anapoingia. Shemeji zake wawili nao waliulizwa swali hilohilo, nao walijibu neno hilohilo.

*

Ilikuwa Jumatano ya pili ya Agosti, saa nne. Gaudiosus alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha kahawa. Alisikia hatua za mama yake ukumbini, kisha kishindo, na bati la sinia likizunguka sakafuni. Alikuwa amebakiza maneno manne mstari uishe. Aliyamaliza. Hakuwa mtu mbaya, alidhani sinia limemponyoka, lakini maneno yale manne hakuyasahau tena.

Alipofungua mlango, mama yake alikuwa ameanguka ubavu, mdomo umepinda upande, mkono wa kulia umelegea. Yai moja lilikuwa limebiringika mpaka kizingitini.

Wanaume walimbeba kwa machela hadi barabarani, wakabahatika kupata lori la kahawa. Hospitalini muuguzi, mwanamama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, aliifungua kadi.

"Huyu ameacha dawa tangu Machi."

"Hapana," alisema Verdiana. "Anakuja kila mwezi. Mimi ndiye ninayempa hela."

"Mama, kadi hii hapa. Aprili hakuna muhuri. Mei hakuna. Juni hakuna, Julai hakuna. Presha haingojei mtu miezi minne." Aliwatazama wote wawili, shati safi la Gaudiosus, kitambi chake kidogo. "Mnakula vizuri huko nyumbani, na mzee mnamwacha bila dawa."

Watu waliokuwa kwenye foleni walisikia. Gaudiosus alisimama pale kama mwanafunzi aliyekutwa na kosa.

Usiku ulipita. Asubuhi Kokushubira alifumbua macho, na maneno yakaanza kumtoka upande mmoja wa mdomo, polepole. Gaudiosus aliinama karibu.

"Mama, hela za dawa ulizipeleka wapi?"

"Ulizila," alisema. Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayejibu njia ya sokoni ni ipi. "Maini. Mayai."

"Kwa nini, Mama?"

"Niliipata barua yako."

"Barua gani?"

Mkono wake wa kushoto, ulio mzima, ulihangaika kwenye pindo la khanga. Verdiana akamsaidia kulifungua fundo. Karatasi ilikuwa imechakaa kwa kukunjwa. Gaudiosus aliisoma mstari wa kwanza, akaona herufi aliyoikosea, na akaujua ukurasa wa kumi na mbili. Aliushika ukingo wa kitanda.

"Mama, hii si barua. Ni kitabu. Ni kazi yangu, ninafasiri. Sikukuandikia wewe."

"Imeandikwa Mama."

"Akina mama wote, Mama. Wote wa Karagwe." Alikuwa analia na hakujali nani anaona. "Mimi ni mzima. Siumwi. Nitazame." Akafungua vifungo vya shati pale wodini, mbele ya wagonjwa, akamwonyesha kifua na tumbo, nyama yote ile iliyoongezeka kwa maini ya mama.

Kokushubira alimtazama kwa upendo mwingi.

"Protase naye alinivulia shati," alisema. Kisha, baada ya kupumua mara kadhaa: "Mimi sikukuuliza. Uliandika nisikuulize, sikukuuliza hata siku moja."

"Mama—"

"Ndiyo, mwanangu. Wewe ni mzima." Akampapasa mkono kwa vidole vya kushoto. "Sibishani nawe."

Alifariki Ijumaa kabla ya adhuhuri, siku ambayo basi la Mwanza huondoka Kayanga. Kijitabu cha kahawa hakikwenda.

*

Waombolezaji walijaa uani. Kila aliyekuja alimpa Gaudiosus mkono na kusema pole, kisha akaushikilia ule mkono zaidi ya ilivyo kawaida, na kusema pole tena kwa sauti nyingine. Alijua ile ya pili ilikuwa ya nini. Mzee mmoja alimwambia, "Afadhali ametangulia, hatayaona mengine." Gaudiosus alianza kueleza habari za shirika, za Mwanza, za vijitabu. Mzee alimsikiliza kwa subira, akitikisa kichwa, kama watu wanavyomsikiliza mwenye homa.

Makaburi ya nyumba ile yalikuwa kwenye kibanja, katikati ya migomba. Katikati alilala baba yao. Kulia kwake walilala Protase na Polikarpi. Kushoto palibaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nani. Nafasi ya mke ubavuni mwa mumewe haina mjadala. Lakini Gaudiosus alipofika aliwakuta vijana wanachimba mbali, kule kwenye mibuni, hatua chache kutoka mpakani.

"Nani kawaambia mchimbe hapa?" aliuliza.

Ta Rwegoshora alimshika bega, akamsogeza pembeni.

"Mama yako mwenyewe. Alikuja kwangu mwanzoni mwa mwezi. Alisema ubavuni mwa baba yenu akuachie wewe, ulale na ndugu zako. Yeye tumweke popote."

Gaudiosus aliushika mkono wa mzee. "Baba, mimi siumwi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Baba, nisikilize. Alikosea. Alisoma karatasi iliyotupwa. Mimi ni mzima kama wewe. Mlazeni mahali pake, nakuomba."

"Nimesikia." Mzee alimpigapiga begani, taratibu. "Lakini neno la marehemu halivunjwi. Alilisema akiwa na akili zake, mbele yangu na mbele ya shahidi. Tukilivunja, mimi na wewe tutamjibu nini?"

Aliwageukia wazee wengine. Kila mmoja alitazama chini. Aliongea mpaka padri alipofika, akaongea tena mpaka jeneza lilipotolewa, na hakuna hata mmoja aliyemkatalia kwa ukali. Walimkubalia kila neno, na jembe halikusimama. Kokushubira, aliyeolewa katika kibanja kile akiwa na miaka kumi na saba, alizikwa kwenye mibuni, karibu na mpaka wa watu.

Sala ilipokwisha, watu walianza kurudi nyumbani kwa njia moja nyembamba iliyopita kando ya makaburi. Gaudiosus alibaki amesimama hapo, akiwatazama. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na hakuwa akiumwa hata kichwa. Walipofika ubavuni mwa kaburi la baba yake, pale palipoachwa wazi, waliacha njia, mmoja baada ya mwingine, wakazunguka kupitia kwenye maharage, ili wasikanyage mahali pake. Ta Rwegoshora alizunguka. Costansia alizunguka akijipiga alama ya msalaba.

Verdiana alikuja wa mwisho, na jembe begani. Alipofika pale alisimama. Alimwangalia mumewe, akaangalia ile ardhi tupu, akamwangalia tena. Gaudiosus alimngoja apite. Kisha Verdiana akashusha macho, akapandisha kitenge chake kidogo, naye akazunguka.